Sayansi ya Kompyuta au Uhandisi wa Kompyuta: mwaka wa nne analipa nani?

 

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, kafe na steshenari za hapa Tabora zinakuwa kama stendi siku ya sikukuu. Juzi nilikuwa kwenye moja kule Ng'ambo. Benchi limejaa, kila mtu kashika bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa na nakala za vyeti. Mbele yangu kakaa dogo mmoja wa PCM, ufaulu wake mzuri tu. Kafika kwenye ukurasa wa kuchagua kozi, akaganda. Akageuka nyuma: "Kaka samahani, Sayansi ya Kompyuta na Uhandisi wa Kompyuta tofauti yake nini?" Kabla sijafungua mdomo, jamaa wa kafe akadakia kutoka kwenye printa: "Weka Uhandisi mdogo wangu, jina kubwa hilo. Haya, anayefuata!"

Nikamwambia dogo asibonyeze kitu kwanza, tukatoka nje.

Sababu ni kwamba sentensi hiyohiyo ndiyo iliyonimaliza mimi. Nilipomaliza kidato cha sita nami nilijaza kwa ushauri wa dakika mbili. Nikachaguliwa Uhandisi wa Kompyuta, miaka minne, chuo sikitaji. Mkopo ukaja nusunusu. Baba analima tumbaku Urambo, na msimu ule mambo hayakwenda. Tukakaa usiku tukapiga hesabu kwenye daftari la mama: mwaka wa kwanza tunaweza, wa pili tunaweza kama tutauza ng'ombe, wa tatu labda. Wa nne kimya. Mama akafunga daftari, akasema tulale. Sikuthibitisha ile nafasi. Tangu siku ile nachapa barua za watu, naskanisha vyeti vya watu, na kuandika hapa. Mwaka huu najaza tena, kwa hiyo swali la dogo ni swali langu pia, na nimelifanyia kazi miezi kadhaa. Wakuu wa vyuoni mnisahihishe nikikosea.

Tuanze na tofauti yenyewe, maana wengi wanadhani ni majina mawili ya kitu kimoja, na wengine wanadhani Uhandisi ni kutengeneza kompyuta mbovu na Sayansi ni kujua Wodi na Ekseli. Hapana.

Chukua mfano wa bibi yako yuko Sikonge, unataka kumtumia elfu ishirini kwa simu. Simu yako inaongea na mnara. Mnara una redio, betri, pengine sola au jenereta, na makabati yenye mabodi ndani yake. Kule ndani kuna vijikompyuta vidogo ambavyo havina skrini wala kibodi, kazi yao ni moja tu na vinaifanya usiku na mchana, jua kali, vumbi, radi. Nani kavisanifu? Umeme unapitaje mle, prosesa inasomaje amri, programu inakaaje kwenye kumbukumbu ndogo kiasi kile bila kukwama? Huko ndiko Uhandisi wa Kompyuta unakoishi. (Mnara wenyewe na mawimbi yake ni zaidi ya watu wa telekomu, ambao nao wana digrii yao. Nasema ili nisishambuliwe.)

Sasa hela imekatwa kwako. Kabla haijaingia kwa bibi, seva imezimika. Elfu ishirini iko wapi? Kwako haipo, kwa bibi haijafika. Mfumo uliosanifiwa vizuri una kanuni ngumu: ama hatua zote mbili zitimie, kukata na kuongeza, ama isitimie hata moja na hela irudi ilikokuwa. Na ukibonyeza mara mbili kwa wasiwasi, ujue kwamba ni muamala uleule, usikate elfu arobaini. Halafu fikiria watu laki moja wanafanya hivyo kwa wakati mmoja, nani ahudumiwe kwanza na kwa foleni gani ili mtu wa mwisho asisubiri hadi kesho? Hapo hakuna bisibisi wala waya. Ni hesabu na mantiki tupu. Hiyo ndiyo Sayansi ya Kompyuta, na ndiyo maana watu wake wanasoma hesabu za ajabu ambazo hazina namba ndani yake.

Kimasomo, mwaka wa kwanza mnafanana sana: hesabu, kuandika programu, utangulizi wa kompyuta. Baadaye njia zinaachana. Wa Uhandisi anaingia kwenye saketi za umeme, elektroniki, mantiki ya kidijitali, ishara, mifumo ya udhibiti. Wa Sayansi anaingia kwenye algorithimu, nadharia ya ukokotozi, lugha za programu zinavyotafsiriwa hadi mashine izielewe, akili mnemba. Katikati kuna eneo kubwa mnalokutana tena, yaani hifadhidata, mitandao, mifumo endeshi. Kwa hiyo mkikutana kazini baada ya miaka mitano inawezekana kabisa mmekaa meza moja mnafanya kitu kilekile. Hili tulikumbuke, nitalirudia.

Mgawanyiko wenyewe haukutoka mbinguni. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza stashahada ya masomo ya kompyuta mwaka 1953. Kule Marekani, Purdue walifungua idara ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1962. Uhandisi wa Kompyuta ulitoka kwa watu wa umeme, na programu ya kwanza kupewa ithibati Marekani ilikuwa ya Case, mwaka 1971. Yaani hawa wametoka tumboni mwa hesabu, wale tumboni mwa umeme. Kufika mwaka 2005 vyama vyao vikubwa, ACM na IEEE, vilitoa mwongozo unaotambua fani tano: Uhandisi wa Kompyuta, Sayansi ya Kompyuta, Mifumo ya Habari, Teknolojia ya Habari na Uhandisi wa Programu.

Kwetu tulichelewa, na tulichelewa kwa kutaka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini baada ya mradi wa Wizara ya Fedha kuharibika. Mtu aliyezaliwa Tabora mwaka ule alikua hadi miaka ya themanini kompyuta ikiwa kitu cha kuomba kibali. Nasema hivi kwa sababu wazazi wetu wakituuliza "hiyo kompyuta ni kazi gani?" tusiwacheke. Hawakukua nayo.

Sasa matatizo ya majina. UDSM wana Sayansi ya Kompyuta ya miaka mitatu, na wana Uhandisi wa Kompyuta na Teknolojia ya Habari wa miaka minne. Ona hilo jina la pili lilivyobeba vitu viwili kwa mpigo. Na kozi zote mbili zinakaa chuo kimoja cha TEHAMA pale Kijitonyama, tena chini ya idara moja yenye majina yote mawili! UDOM, ambayo imeanza mwaka 2007, wana Sayansi ya Kompyuta, wana Uhandisi wa Kompyuta, na wana Uhandisi wa Programu peke yake. DIT wao wametoka kwenye ukoo wa ufundi, walianza kama taasisi ya ufundi mwaka 1957, na hata walipoundwa upya kwa sheria ya mwaka 1997 damu ya karakana ilibaki. Kwa hiyo anayekwambia "Uhandisi wa Kompyuta uko hivi" muulize wa chuo gani. Jina la kozi ni kibao cha dukani tu. Ingia kwenye tovuti ya chuo, fungua orodha ya masomo ya mwaka wa tatu, usome majina ya masomo hayo. Hayo ndiyo utakayokula.

Mlango wa kuingilia nao una ufunguo wake. Ukisoma PCM milango yote miwili iko wazi. PGM pia kwa sehemu kubwa. Ndugu zangu wa EGM, Sayansi ya Kompyuta mnaweza kuipata kwenye vyuo kadhaa kwa sababu ya Hesabu, lakini Uhandisi kwa kawaida unadai Fizikia, na huna. Usipoteze ada ya maombi kwa kubahatisha.

Sasa nije kwenye lile jina kubwa alilosema jamaa wa kafe. Hajakosea kabisa. Uhandisi una ulinzi wa sheria. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na sheria yake ya mwaka 1997 haimruhusu mtu asiyesajiliwa kujiita mhandisi. Ukimaliza Uhandisi wa Kompyuta kwenye chuo kinachotambuliwa unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka isiyopungua mitatu, kisha unaomba usajili kamili. Ukiupata, ndiyo ile "Mhandisi fulani" mbele ya jina, na unaweza kuweka sahihi yako kwenye kazi ya kihandisi. Wa Sayansi ya Kompyuta, hata uandike programu inayoendesha benki nzima, sahihi hiyo huna. Ukijiita mhandisi wa programu kwenye mtandao hakuna atakayekusumbua, lakini ukienda kwenye zabuni utaulizwa namba ya usajili.

Basi Uhandisi umeshinda? Subiri. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yale ya Afisa TEHAMA Daraja la II. Soma sehemu ya sifa: shahada ya Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Uhandisi wa Kompyuta au fani inayofanana. Sentensi moja, mkeka mmoja! Mwajiri mkubwa kuliko wote nchini kawaweka wote kwenye foleni moja, mtafanya mtihani mmoja wa mchujo, na hapo hakuna atakayekuuliza ulisoma miaka mingapi. Mwenzako wa miaka mitatu kaingia kwenye foleni hiyo mwaka mmoja kabla yako.

Ndiyo maana nasema tofauti haiko sawa pande zote. Anayemaliza Uhandisi wa Kompyuta anaweza kuomba karibu kila kazi inayoombwa na wa Sayansi ya Kompyuta. Anayemaliza Sayansi ya Kompyuta hawezi kwenda ERB. Mlango mmoja unafungua nyumba mbili, mwingine unafungua moja. Bei ya ule mlango wa ziada ni mwaka mmoja.

Mwaka mmoja ni shilingi ngapi? Ada ya vyuo vya umma kwa kozi hizi inapita milioni moja kwa mwaka. Juu yake weka chakula, malazi, nauli ya treni au basi kwenda na kurudi, laptopu ikifa katikati ya muhula. Bodi ya Mikopo inagawa kwa vipengele, chakula na malazi peke yake, ada peke yake, vitabu na viandikia peke yake, mafunzo kwa vitendo peke yake, na si lazima upate vyote kwa asilimia mia. Ulichokopa utalipa, makato ni asilimia 15 ya mshahara. Na mwaka wa nne una gharama nyingine isiyoandikwa popote: ni mwaka ambao hujaanza kumsaidia mdogo wako anayeingia kidato cha tano. Wenye ufaulu wa juu sana kwenye masomo ya sayansi wana Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, hao hesabu hii haiwahusu sana. Hongera zao. Mimi sikufika huko.

Sasa jambo ambalo sijaona likijadiliwa vijiweni: hiyo kazi yenyewe itakuwa wapi? Maana wengi wetu tunachagua kozi kama vile wote tutaishi Dar.

Tabora ni mji wa njia, wadau. Tangu enzi za misafara ya Bagamoyo, watu walifika hapa, wakati huo Kazeh, na hapa ndipo njia zilipogawanyika, moja kwenda Ujiji ziwani, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo njia nzima. Lakini angalia kwa nini mji ulipata kitu: misafara ilisimama. Miguu inachoka, chakula kinaisha, wapagazi wanabadilishwa, mtu analala, ananunua mtama, anaajiri. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912, kisha ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza mwaka 1928, hadithi ilikuwa ileile. Treni nayo inasimama. Inahitaji mafundi, wapanga njia, karakana, na ndiyo maana hata chuo cha reli kikawa hapa. Nusu ya wazee wa mtaani kwetu walikula mshahara wa reli.

Sasa njoo kwenye mtandao. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliingia Dar Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukasambazwa kuja mikoani na hadi mipaka ya majirani. Mwanga unaopita kwenye ule waya hauchoki. Haulali Tabora, hauli ugali, haununui hata muwa stesheni. Unatoka Dar unafika mpakani kabla hujapepesa jicho. Kwa mara ya kwanza kwenye historia ya njia hii, kitu kikubwa kinapita hapa bila kuhitaji kusimama. Hiyo ndiyo habari mbaya.

Habari nzuri ni kwamba waya wenyewe haupiti, uko hapahapa ardhini. Greda linachimba barabara, linaukata. Radi inapiga (na mnajua radi za Tabora zilivyo), kabati linaungua. Betri zinaibwa. Vitu hivyo vinahitaji mtu aliye karibu, hakuna mtu wa Bangalore anayeweza kuja kufungua kabati Kaliua saa nane usiku. Weka na reli mpya ya kisasa. Kipande cha Dar hadi Dodoma kilianza kubeba abiria mwaka 2024. Cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, mkataba ulisainiwa Desemba 2021. Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ikafuata mwaka 2022. Ukitazama ramani, Tabora imekuwa tena ile njia panda ya misafara. Na treni ya umeme si garimoshi la babu: ishara zake, mawasiliano yake, udhibiti wa umeme wake, vyote vinaendeshwa na kompyuta zilizofungwa kando ya reli, porini. Mtu wa kuzihudumia hawezi kukaa Masaki.

Kwa kifupi, kifaa kinamtaka mtu karibu, programu haimtaki. Uhandisi unakufunga kwenye mahali, kwa uzuri na kwa ubaya. Sayansi inakufungua utoke mahali, kwa uzuri na kwa ubaya pia, kwa sababu kama wewe unaweza kuandika programu ya mtu wa Nairobi ukiwa Isevya, basi wa Nairobi naye, na wa Lagos, na wa India, anaweza kuandika ya Isevya. Unashindana na dunia ukiwa na bando la wiki.

Hapa kuna mambo mawili lazima niyaseme ili nisije nikaonekana nauza Uhandisi. La kwanza, kazi nyingi za kando ya njia hazihitaji digrii kabisa. Kupanda mnara, kuunga waya wa mkongo, kubadilisha betri, hizo ni kazi za mafundi sanifu. Kama hicho ndicho unachokipenda na uko kidato cha nne, stashahada ya miaka mitatu kwenye chuo cha ufundi kama DIT inaweza kukufikisha mapema kuliko kuzungukia kidato cha sita, na digrii ukaifuata baadaye. Sijui kwa nini shuleni hatuambiwi hili. La pili, wahitimu wa Uhandisi wa Kompyuta ninaowafahamu mimi hawashiki saketi. Wanatengeneza tovuti, wanafunga kamera za ulinzi, wanaangalia printa za ofisi. Walilipa mwaka mzima kwa ajili ya mlango ambao hawajawahi kuufungua.

Wengine watauliza kuhusu akili mnemba. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo kila mtu ana nabii wake. Maoni yangu ni mafupi. Kazi ya kuandika tovuti ya kawaida ya duka, ile iliyokuwa ikiwapa vijana hela ya kwanza, imeshuka bei, na wa Sayansi ya Kompyuta ambaye alichojifunza ni hicho tu ana shida. Ila ule mfano wa elfu ishirini ya bibi, mtu wa kuhakikisha kwamba hela haipotei umeme ukikatika katikati, na wa kujua kama mashine imeandika upuuzi, huyo bado anatafutwa. Tena ndiye aliyesoma zile hesabu zisizo na namba.

Basi nje ya kafe nilimuuliza dogo maswali matatu. Ukiwa mtoto ulikuwa unafungua redio ya baba? Akacheka, alishapigwa kwa hiyo. Fizikia ulipata ngapi? B. Mkopo wako unatarajia nini? Akaniambia baba yake alishafariki na karatasi za uthibitisho anazo zote, mama ana kibanda sokoni, na mjomba wake aliyeko Kigoma ameahidi kwa maneno mbele ya ukoo kwamba atajazia. Nikamwambia weka Uhandisi, lakini mpigie mjomba sasa hivi, umwambie ni minne siyo mitatu. Akapiga palepale. Mjomba akanyamaza kidogo, halafu akasema sawa.

Mimi je? Ninaipenda Uhandisi, sitawadanganya. Nikiona yale mabodi ya mnara moyo unaniruka. Ila daftari la mama bado liko vilevile, mwaka wa nne hauna jibu, na mhandisi aliyeishia mwaka wa tatu hana karatasi yoyote, si ya mhandisi wala ya nani. Nimeweka Sayansi ya Kompyuta namba moja, miaka mitatu. Najua ninachokiacha, ERB nimeiaga. Zile sensa na vijikompyuta vidogo nitajifunza mwenyewe pembeni, vipo vya bei ya kawaida, vya kuanzia. Mama nilipomwambia hakuuliza Sayansi ni nini. Aliuliza tu: "Kwa hiyo ya tatu unamaliza?" Nikasema ndiyo mama. Akaandika.

Dirisha likijibu, ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha chuo utakuja kwenye simu, na safari hii nathibitisha.

Naomba kuwakilisha. Ila mlioko mwaka wa nne sasa hivi, hasa Kijitonyama, Dodoma na DIT, niandikieni hapo chini kitu kimoja tu: nje ya ada, mwaka wa nne umewatoka kiasi gani? Dogo anataka kumpelekea mjomba namba ya kweli.